Maji Yasiyokupwa

Mama yangu hakuwahi kuwa na saa, na hakuwahi kuyakosa maji. Ukimuuliza leo bahari inakupwa wakati gani, anahesabu kwa vidole mwezi ni wa ngapi, anakujibu, na kabla hujafunga kanga yako yeye keshafika kwenye shamba lake la mwani. Hesabu ya kwanza niliyofundishwa haikuwa ya kujumlisha, ilikuwa hiyo ya mwezi. Mwezi ukiandama na mwezi ukitimia ni bamvua, maji yanajaa sana na yanakupwa sana. Katikati yake ni maji mafu, hayendi mbali. Siku ya bamvua, saa nne asubuhi, kwetu kusini ya Unguja unatembea mpaka mwambani bila kulowa magoti, juu ya mchanga ambao alasiri utakuwa chini ya kina cha kumzamisha mtu. Nayaeleza haya mapema ili mtu asije akadhani nilikuwa mzembe. Nilikuwa na ujuzi wa bahari moja, nikautumia kwenye bahari nyingine, na aliyeumia hakuwa mimi.

Saudia niliingia kwa mkataba wa ualimu, nikaanzia Riyadh. Miaka miwili nilifundisha darasa la tatu kwenye skuli ya binafsi iliyozungushiwa ukuta mrefu. Watoto walishuka kwenye gari lenye kiyoyozi, wakaingia darasa lenye kiyoyozi, wakacheza kwenye ukumbi wenye kiyoyozi, wakarudi kwao. Ilikuwa miaka ya mabadiliko. Kila ukigeuka, jambo lililokuwa mwiko jana leo linatangazwa: mbao zilizowatenga wanaume na familia migahawani zimeondolewa, muziki unasikika madukani, wanawake wanaendesha magari yao. Skulini mabadiliko yalitufikia kwa waraka. Watoto watolewe nje, wajifunze kwa kuona na kugusa. Tukawapeleka kwenye vilima vya mchanga nje ya mji, na mmoja wao akaniuliza mlango wa kutokea uko upande gani. Nilicheka, kisha nikaona si jambo la kuchekesha.

Wenye skuli walipofungua tawi Jeddah na kuuliza nani yuko tayari kuhamia, niliinua mkono kabla hawajamaliza kusema. Nilikuwa nimeikosa bahari mpaka naiota. Jeddah walitupangishia fleti walimu wanne mtaa wa Al-Nuzha. Ijumaa nikenda mtaa wa Sharafiya kula chakula cha kueleweka, kisha natembea Balad. Balad ndiko kulikonidanganya. Nyumba zake za kale zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, ukutani unaviona vijishimo vyake, na zina roshani za mbao na milango mizito, nikajiona niko Mji Mkongwe. Nikasema moyoni, mawe ni yale yale, basi na bahari ni ile ile. Ufukweni kwenyewe nilikuwa nimefika mara mbili tu, kwenye ile barabara ya kando ya bahari ambako maji yanagusa mawe yaliyopangwa. Mara zote mbili niliyakuta maji pale pale. Nikajiambia nimefika siku za maji mafu.

Mkuu wetu wa skuli alikuwa mwanamke wa hapo hapo Jeddah, aliyesoma nje, na ndiyo kwanza anakabidhiwa skuli. Alitaka tawi lake liwe la mfano. Alipouliza nani anaweza kuanzisha masomo ya ufukweni kwa watoto wa darasa la tatu, wenzangu walitazama meza. Mmoja kwao Kairo, mwengine kwao Nairobi, bahari wanaijua kwa picha za harusi. Mimi nikasema niachieni. Akaniuliza kama nahitaji mtu wa kunisaidia kuchunguza mahali. Nikamwambia mimi nimezaliwa kwenye maji. Alicheka, akaandika jina langu.

Somo nililipenda kuliko masomo yote niliyowahi kuyaandaa. Kila mtoto angekuwa na kijiti cha mwanzi chenye utepe na jina lake. Saa nne kamili wanavichomeka ukingoni mwa maji. Kila baada ya dakika kumi wanavihamisha kuyafuata maji yanavyorudi nyuma, wanapima kwa hatua, wanaandika kwenye daftari. Mwisho wa somo tunakuwa tumesimama mwambani, tunaangalia kaa, majongoo ya bahari na matumbawe, na nyuma yetu ufukwe mzima mkavu. Siku nilichagua kwa kalenda ya ukutani. Kwetu mwezi tunaugombania kila Ramadhani, huku umechapishwa na unatundikwa ofisini. Niliona raha ya ajabu. Nikachagua tarehe kumi na sita ya mwezi, Jumatatu, bamvua kabisa. Kuangalia kwenye simu maji ya pale yanakwendaje hakukunijia hata akilini. Mtoto wa mwani aulize simu habari za kupwa na kujaa?

Katika darasa langu kulikuwa na msichana wa miaka minane, mapengo mawili mbele, maswali hayamwishi. Alilelewa na dada wa kazi wa Kikenya, mtu wa Vihiga, ambaye alikuwa mwaka wa tatu ndani ya nyumba ile. Kutoka kwa dada huyo mtoto alikuwa ameokota Kiswahili chake chote, na siku aliyogundua kwamba mwalimu wake naye anakijua, alifurahi kana kwamba tumeshiriki siri. Akinikuta peke yangu hunisemesha kwa Kiswahili cha bara. Mimi nilikuwa namkosoa kidogo, kwa utani, naye hakujali. Dada mwenyewe nilikuwa nakutana naye getini asubuhi. Mnene kidogo, mpole, abaya yake imepauka mabegani. Tulisalimiana, basi. Nakiri kwamba sikumhesabu kuwa mtu wa kuzungumza naye sana.

Mama wa mtoto alinifuata baada ya mkutano wa wazazi. Alikuwa kijana, anafanya kazi benki, na ufunguo wa gari alikuwa akiuzungusha kidoleni. Fomu yetu ya ruhusa ilikuwa na nafasi ya sahihi ya mzazi, awe baba au mama, na yeye alitaka kusaini mwenyewe. Mume wake hakuipenda safari hii, akaniambia, anaona bahari si mahali pa somo. Yeye mama anaona mtoto wake asikue amefungiwa kama alivyokua yeye. Aliuliza kama kuna hatari yoyote. Nikamjibu kwamba tutakuwa tunatembea pakavu. Akasaini pale pale, amesimama, akasema atamtuma dada aende naye kwa usalama zaidi.

Siku ikafika. Watoto kumi na wanane, mimi, mwalimu mwenzangu wa Kimisri, madada wanne waliotumwa na nyumba zao, na mlinzi wa ufukwe ambao skuli iliukodi kaskazini ya mji, upande wa Abhur. Mlinzi alikuwa ametega kamba yenye maboya upande wa kulia, akatuonyesha tubaki humo. Nilimshukuru, nikawapeleka watoto upande wa kushoto. Kulia kulikuwa na mchanga mtupu. Kushoto mwamba ulianzia karibu, na mimi mwamba ndio niliokuwa nautaka.

Saa nne vijiti vikachomekwa. Vilipendeza, safu ndefu yenye tepe za rangi. Watoto wakachuchumaa kusubiri. Dakika kumi zikapita, tukaenda kutazama, na maji yalikuwa yanalamba vijiti vile vile. Nikawaambia bahari haina haraka. Dakika kumi nyingine, vile vile. Mtoto mmoja akauliza kama bahari imeharibika. Mwenzangu wa Kimisri alikuwa akipiga picha za kupeleka ofisini, akaanza kuishusha simu, ananitazama mimi. Nilihesabu tena mwezi. Nilihesabu kwa vidole kama mama. Jasho lilikuwa linanitiririka ndani ya abaya na nilikuwa nimeshaanza kukasirika, ingawa hakuna aliyenikosea.

Hapo ndipo dada wa Vihiga aliponijia, viatu mkononi. Alinisemesha taratibu ili watoto wasisikie.

"Mwalimu, hii bahari haiendangi. Nimekaa nayo miaka tatu. Kila wikendi tunakuja huku na inakuwanga hapo hapo. Wakati wa joto inapungua kidogo, lakini si eti inaenda na inarudi siku moja. Na huko mbele kuna shimo."

Nilimsikia neno kwa neno. Leo hii naweza kuyarudia kwa sauti yake. Lakini siku ile nilichosikia ni mtu wa bara ananifundisha bahari, mbele ya madada wenzake, wakati vijiti vyangu vimenikatalia. Nikamjibu kwa sauti ya kusikika.

"Dada, kwani huko kwenu Vihiga bahari mnayo upande gani?"

Wenzake wakacheka. Yeye naye akatabasamu kidogo, akarudi nyuma, akasimama pale alipokuwa. 

Ningekomea hapo, tungerudi na vijiti vyetu na mimi ningechekwa wiki nzima. Lakini nilitaka kuliokoa somo langu. Nikawaambia watoto kwamba maji yameanza kurudi kule mbele, huku ufukweni tutayaona baadaye, kwa hiyo tuyafuate. Na ili wasichoke nikaongeza kwamba atakayechomeka kijiti mbali kuliko wote ndiye mshindi. Wakaingia wakishangilia. Maji yalikuwa ya vifundoni, kisha ya magoti. Mwamba ulikuwa chini yao, naona rangi yake ya kahawia, na mimi nikasimama na saa mkononi nikisubiri bahari inithibitishe.

Kwetu mwamba unateremka polepole. Kule umekatika. Hatua moja maji ni ya kijani na yanafika mapajani, hatua inayofuata ni buluu nzito na hakuna chini. Yule msichana mwenye mapengo ndiye aliyekwenda mbali kuliko wote, kijiti kimenyooshwa mbele. Nilimwona ameinama kukichomeka. Kisha nikaona kofia yake tu.

Nasema ukweli: miguu yangu haikwenda. Mimi niliyezaliwa kwenye maji nilisimama. Aliyekwenda ni yule asiyejua kuogelea. Alipita mbele yangu na abaya yake, akikimbia juu ya matumbawe peku, akafika ukingoni akajitupa kifudifudi, mkono mmoja umekumbatia jiwe, mwingine umezama mpaka begani. Alimpata mtoto kwa nywele, kisha kwa mkono. Hakuweza kumvuta. Alimshikilia tu, kichwa cha mtoto nje, chake mwenyewe kikizama na kuibuka, mpaka mlinzi akafika na boya lake akawatoa wote wawili. Mtoto alitapika maji akalia. Dada alikaa mchangani, na mguu wake wa kushoto ulikuwa umefunguliwa na matumbawe kutoka kifundoni hadi katikati ya muundi. Wahenga wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Siku ile aliyekataa kusikia ni mimi, na guu lilikuwa la aliyesema.

Zahanati walimpima mtoto, wakasema yu mzima, akae mpaka jioni waangalie pumzi. Dada walimshona kwenye chumba cha pembeni. Nilikaa naye kwa sababu sikujua pengine pa kukaa. Mama wa mtoto alifika akiendesha mwenyewe, mtandio umemwanguka mabegani, akamkumbatia mwanawe mpaka mtoto akalalamika. Kisha akasimama mlangoni mwa chumba chetu. Alimuuliza dada swali moja, kwa Kiarabu, kwamba nilikutuma ufanye nini. Dada akanitazama mimi. Mimi nikatazama bandeji. Mama yule alikuwa na hofu, na nilijua anamwogopa nani. Fomu ilikuwa na sahihi yake, si ya mumewe. Akasema halas, basi, nyumbani tutazungumza, akaondoka.

Dada hakulia. Alisubiri muuguzi atoke.

"Mwalimu, mimi sina maneno mingi. Andika tu vile nilikuambia. Nikirudishwa maktab, sijui watanipeleka kwa nyumba gani."

Kila mtu anayefanya kazi za nyumbani kule analijua neno hilo. Maktab ni ofisi iliyokuleta. Mwajiri akikukataa, unarudishwa huko na begi lako, unakaa na wenzako kwenye chumba kimoja, mpaka aje mtu mwingine akuchague. Nyumba ile alikuwa ameizoea. Walimwacha apige simu kwao, walimwacha alale usiku, na mtoto alikuwa wake kwa kila jambo ila kumzaa. Alibakiza miezi michache mkataba uishe aende zake. Hakuwa anaomba kusifiwa. Alitaka maneno yake mwenyewe yaandikwe. Nikamwambia nitaandika, na nilipokuwa nasema nilikuwa nakusudia.

Siku ya pili mkuu wa skuli aliniita. Wenye skuli kule Riyadh walitaka taarifa, nusu ukurasa. Alikuwa hajalala, macho mekundu, na alikuwa mwema kwangu, jambo lililofanya mambo kuwa magumu zaidi. Nilimweleza kila kitu, hata jibu nililompa dada mbele ya watu. Alisikiliza. Kisha akaniuliza kama mtoto alikuwa na mlezi wake pale ufukweni. Nikasema ndiyo. Kama mlezi alitumwa mahsusi kumwangalia. Nikasema ndiyo.

"Basi andika yaliyotokea," akasema. "Yaliyosemwa hayana haja."

Akanieleza kwa upole kwamba Riyadh wakijua mwalimu alichagua mahali bila kuyachunguza maji, watafunga masomo ya nje kwa matawi yote, watamtoa yeye, na watanirudisha mimi kwetu ndani ya wiki, kwani ikama yangu, kibali cha kuishi nchini, iko kwenye kabati lao. Watu wanatungoja tuanguke, alisema, tena sisi wanawake. Sikumwona mwongo. Alikuwa anasema kweli. Nikaandika kwamba wakati wa somo mtoto, aliyekuwa chini ya uangalizi wa mlezi wake wa nyumbani, alivuka eneo la kina kifupi, na kwamba aliokolewa na mlinzi. Ukitafuta neno la uongo katika taarifa ile hulipati. Nikatia sahihi. Nakala moja ilikwenda Riyadh na nyengine kwa wazazi, na baba wa mtoto akaisoma.

Nilimuwaza mama yangu ambaye amewaambia watu wote wa mtaani kwamba mwanawe anafundisha nchi ya Makka. Nikajiambia mtu hafukuzwi nchi nzima kwa sababu ya vijiti. Nikajiambia dada ni mtu mzima, atapata nyumba nyengine, huenda ikawa nzuri zaidi. Najua kujisemesha nikitaka.

Jumatano mtoto akarudi darasani. Kazi ya siku ile ilikuwa kuandika kwenye daftari la ufukweni yale tuliyojifunza. Utaratibu wetu ulikuwa hivi: Jumatano wanaandika, nasahihisha, Alhamisi madaftari yanakwenda nyumbani kwa sahihi ya mzazi, Jumapili yanarudi baada ya mapumziko. Nilianza kusahihisha baada ya watoto kuondoka. Wengi walikuwa wamechora samaki. Yeye alikuwa amechora mistari miwili ya vijiti, mmoja juu umeandikwa saa nne, mmoja chini umeandikwa saa nne na nusu, na katika yote miwili vijiti viko pale pale ukingoni mwa maji. Chini yake, kwa Kiingereza chake cha herufi kubwa, alikuwa ameandika hivi:

"Tuliuliza: je, bahari hii inaondoka? Mwalimu alisema inaondoka. Dada alisema haiondoki na kuna shimo. Tulipima. Bahari haikuondoka. Shimo lipo. Dada alikuwa sahihi."

Miaka yote niliyofundisha sikuwahi kusoma kazi ya mtoto iliyo safi kama ile. Swali, makisio, kipimo, jibu. Nilikuwa nimempa somo na yeye alikuwa amelielewa kuliko mimi. Nilikaa na kalamu nyekundu mkononi mpaka mfagiaji akaniomba nitoke.

Alhamisi asubuhi mtoto alinifuata mezani kabla ya kengele. Alinisemesha kwa Kiswahili chetu. Akasema baba amesema dada ataenda maktab Jumamosi asubuhi. Akaniuliza maktab ni wapi. Nikamwambia ni ofisi. Akauliza dada atarudi saa ngapi. Nikamwambia akakae kwenye kiti chake.

Mchana nikagawa madaftari kumi na saba. Lake nililiweka ndani ya mkoba wangu. Alipouliza nikasema sijamaliza kulisahihisha, akakubali, kwa kuwa mwalimu hakuwahi kumdanganya. Ningelimpa, mama yake angelisoma jioni ile ile. Siku mbili zilikuwa zinatosha. Yule mama hakuwa mbaya, alikuwa na hofu tu kama mimi, na huenda angelipata ujasiri, au huenda asingelipata. Hiyo ilikuwa haki yake kuamua, si yangu. Lakini niliogopa kwamba angelipeleka skuli, na skuli ingelipeleka Riyadh.

Ijumaa nikenda Sharafiya nikakaa mbele ya sahani mpaka chakula kikapoa. Jumamosi nililitoa daftari mkobani mara tatu. Nambari ya simu ya mama yake nilikuwa nayo, imo kwenye ile fomu. Nililiweka daftari mezani, nikafua, nikapiga pasi, nikafua tena vilivyokuwa safi. Adhuhuri ilipoadhiniwa nikajua keshaondoka, na nitasema jambo la aibu: nilipumua. Kisha nikalia mpaka mwenzangu wa chumba akagonga mlango kuuliza kama kwetu kuna msiba.

Jumapili asubuhi mtoto aliletwa na mama yake. Nikalifungua daftari, nikaweka alama ya vema kwenye kila mstari, na chini nikaandika kwa kalamu nyekundu: Sahihi. Kazi nzuri sana. Nikampa apeleke nyumbani. Msinisifu kwa hilo. Lilikuwa halimsaidii mtu tena, ndiyo maana niliweza.

Jumatatu lilirudi na sahihi ya mama, wino umegandamizwa mpaka ukurasa wa pili. Mtoto alinisubiri wenzake wote watoke. Mapengo yake yalikuwa yameanza kuziba upande mmoja.

"Mama amesoma," akasema. "Amepiga simu maktab. Wamesema dada ashapelekwa nyumba ingine, Riyadh. Hawasemi gani." Akafunga zipu ya begi lake, akaifungua tena. "Mwalimu, mbona kitabu yangu haukunipatia Alhamisi kama wengine?"

Nikamwambia nilisahau. Alinitazama kama alivyovitazama vile vijiti saa nne na nusu, akapima, akaondoka. Hakunisemesha tena kwa Kiswahili. Mwaka mzima uliobaki alinijibu kwa Kiingereza, kwa adabu zote.

Mama yake hakupeleka malalamiko popote. Angelipeleka, mume wake angeliuliza fomu ilisainiwa na nani. Mkuu wa skuli akabaki na skuli yake, nami nikabaki na ikama yangu. Wanawake watatu tulikuwa tumepewa nafasi ambayo jana hatukuwa nayo, mmoja ufunguo, mmoja ofisi, mmoja ufukwe, na wote watatu tukazilinda kwa kumsukuma yule wa nne. Masomo ya ufukweni yakaendelea. Sasa wana kamba, makoti ya kuelea na walinzi wawili, na ukumbini skulini waliitundika ile picha ya mwenzangu wa Kimisri: safu ya vijiti vyenye tepe na watoto wamechuchumaa. Mwisho wa mwaka nikaomba kurudishwa Riyadh. Wakadhani joto la Jeddah limenishinda.

Riyadh nafundisha tena ndani ya ukuta. Mchana watoto wanapochukuliwa, madada wanajipanga getini na mimi nasimama na kuangalia miguu yao. Abaya ni ndefu, hazionyeshi kitu. Namtafuta anayeuvuta wa kushoto. Nimeshawafuata wawili mpaka kwenye gari, na wote wawili hawakuwa yeye.

Aliniomba jambo moja, niandike vile alivyoniambia, nami nilikubali. Alisema hivi: Mwalimu, hii bahari haiendangi. Nimekaa nayo miaka tatu. Na huko mbele kuna shimo.